Roboti au laparoskopi kwa saratani ya puru: pesa ya ziada inanunua nini?

Chukua mwanamume wa miaka 58, mnene kiasi, mwenye saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, iliyo sentimita 6 kutoka tundu la haja kubwa. Ameshapigwa MRI, ameshamaliza mionzi na dawa, sasa anasubiri upasuaji. Hospitali ya kwanza imemwambia atafanyiwa kwa matundu madogo, yaani laparoskopi. Ya pili, iliyoko India, imemtumia makadirio yenye neno "roboti" na bei iliyopanda. Ndugu zake wanataka kujua hiyo nyongeza ni ya nini.

Jibu linategemea mno mahali ugonjwa ulipo. Uvimbe huohuo ungekuwa upande wa kulia wa utumbo mpana, karibu na kidole tumbo, jibu lingekuwa fupi: hainunui kitu kikubwa. Ukiwa chini kwenye puru, ndani ya fupanyonga la mwanamume, mazungumzo hubadilika. Maelezo mengi yanayosambazwa huchanganya hali hizi mbili, na hapo ndipo watu wanapopotezwa.

Kinachofanana ni kingi

Roboti haipasui yenyewe. Haina uamuzi, haijui ateri ni ipi na neva ni ipi. Kila mwendo wa mikono yake unatoka kwenye vidole vya daktari aliyeketi kwenye konsoli, yaani meza ya kuiendeshea, mita chache kutoka kitandani. Kwenye da Vinci, mashine iliyoenea kuliko nyingine zote, daktari akiondoa kichwa kwenye kitazamio vifaa vinasimama palepale vilipo.

Upasuaji wenyewe ni uleule. Katika njia zote mbili tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, hutobolewa matundu manne hadi sita, kamera ikapita kwenye tundu moja na vifaa kwenye mengine. Mishipa ileile hufungwa, kipande kilekile cha utumbo hukatwa, na mwishoni lazima upatikane mkato wa sentimita 5 hivi, mara nyingi juu kidogo ya kinena, wa kutolea utumbo uliokatwa. Kwa hiyo mtu akikwambia roboti ina makovu madogo, maumivu machache na siku chache za kulazwa, muulize: kuliko nini? Kuliko kufungua tumbo, ni kweli kabisa. Kuliko laparoskopi, tofauti ni ndogo au haipo. Vipeperushi vya hospitali hupenda kulinganisha roboti na upasuaji wa kufungua tumbo na kuiruka laparoskopi iliyo katikati. Huo ni ujanja wa kuuza.

Laparoskopi ya utumbo mpana ina umri wake. Moises Jacobs na wenzake wa Miami waliripoti zao za mwanzo mwaka 1991. Kwa zaidi ya miaka kumi palikuwa na hofu kwamba seli za saratani zingejipandikiza kwenye matundu yale. Jaribio la Marekani lililoitwa COST, lenye wagonjwa 872, liliituliza hofu hiyo mwaka 2004: ugonjwa ulirudi kwa kiwango kinachokaribiana, awe mgonjwa alifunguliwa tumbo au alitobolewa. Da Vinci, inayotengenezwa na Intuitive Surgical ya California, iliruhusiwa Marekani mwaka 2000 na baada ya muda mfupi ikaanza kujaribiwa kwenye utumbo. Wakati inaenea, laparoskopi ilikuwa imekwisha kushika nafasi yake kwenye utumbo mpana. Puru ndiyo iliyokuwa bado inaisumbua.

Kifundo cha mkono

Kifaa cha laparoskopi ni fimbo nyembamba yenye kipenyo cha milimita 5 na urefu wa sentimita 35 hivi, yenye koleo au mkasi nchani. Pale kinapopenya ukuta wa tumbo ndipo kinapoegemea, kama kasia kwenye kishwara: mkono ukienda kulia ncha inakwenda kushoto, mkono ukishuka ncha inapanda. Hilo daktari hulizoea. Tatizo lisilozoeleka ni kwamba fimbo hiyo haina kifundo. Inaingia na kutoka, inayumba pande zote, inajizungusha kwenye mhimili wake, basi. Ikiwa ndani haiwezi kupinda kona.

Sehemu ya juu ya tumbo hilo halisumbui, kwa kuwa nafasi ipo. Fupanyonga huzidi kuwa jembamba kadiri unavyoshuka. Nyuma kuna sakramu, mfupa wa chini ya uti wa mgongo, uliopinda, mbele kuna kibofu na tezi dume, au uke kwa mwanamke, na pembeni ni mifupa isiyosogea. La mwanamume ni jembamba kuliko la mwanamke, na mafuta ya mtu mnene huijaza nafasi kidogo iliyobaki. Fimbo iliyonyooka inayotokea tumboni chini kulia haiwezi kuufuata mpindo wa sakramu hadi mwisho. Inagonga mfupa, inaziba kamera, au inapigana na fimbo ya msaidizi.

Roboti inakirudisha kifundo. Vifaa vyake vya milimita 8 vina kiungo kidogo karibu na ncha, kinachoendeshwa na nyaya nyembamba zinazopita ndani ya fimbo, na kinapinda huku na huku. Kompyuta huchuja mtetemo wa vidole na kupunguza mwendo, mkono ukasogea sentimita 3 na ncha ikasogea 1. Kamera imeshikwa na mashine. Kwenye laparoskopi huwa imeshikwa na msaidizi, aghalabu daktari aliye mafunzoni, na ikifika saa ya tatu mkono wake unaanza kulegea na picha nayo inalala upande. Aliye kwenye konsoli anaongoza kamera pamoja na vifaa vitatu, kwa hiyo puru inavutwa na mkono wa tatu kwa nguvu ileile kwa nusu saa bila kumwomba mtu "vuta tena kidogo".

Watu husifu pia picha yenye kina. Ni nzuri, lakini laparoskopi zenye picha ya 3D zipo na ni za bei nafuu mno kuliko roboti. Hoja zenye uzito ni tatu: kifundo, kamera iliyotulia, na mkono wa tatu.

Kinachopotea ni mguso. Matoleo mengi yanayotumika hayamrudishii daktari hisia yoyote. Anasoma kwa macho: tishu inageuka nyeupe, mshipa unanyooka, uzi unakaza. Anayeanza hukata nyuzi kwa kuzivuta kupita kiasi, na mbaya zaidi, anaweza kuuchana ukuta wa utumbo kwa koleo bila kujua amelibana kwa nguvu kiasi gani. Toleo la da Vinci 5, lililoruhusiwa Marekani mwaka 2024, lina vifaa vinavyorudisha sehemu ya hisia hiyo.

Ndani ya fupanyonga

Turudi kwa mgonjwa wetu. Kinachotolewa ni puru pamoja na mafuta yanayoizunguka, mesorektamu, ambamo mna tezi za limfu. Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza mwaka 1982 kwamba mafuta hayo yakitolewa pamoja na utando wake bila kuchanika, saratani kurudi fupanyongani hupungua sana. Mwaka 1986 Phil Quirke wa Leeds na wenzake wakaonyesha umuhimu wa ukingo wa pembeni, yaani uso wa nje wa kipande kilichotolewa: saratani ikiugusa, hatari inapanda. Leo kipimo ni milimita 1. Kila kifaa kipya cha upasuaji wa puru hupimwa kwanza kwa mambo hayo: mesorektamu imetoka nzima? Ukingo umezidi milimita 1?

Mgonjwa hulazwa chali, miguu kwenye vishikio, mikono ikifungwa ubavuni. Kabla ya vitambaa kutandazwa, kitanda huinamishwa kichwa chini nyuzi 25 hivi na kulia nyuzi 10 hadi 15, wauguzi wakiangalia kama anateleza. Kwa roboti jaribio hili ni la lazima kuliko kawaida. Mikono ya roboti ikishafungwa kwenye trokari, vijibomba vya kupitishia vifaa tumboni, kitanda hakisogezwi tena, isipokuwa kile cha aina maalumu kinachowasiliana na mashine. Mgonjwa akiteleza, mikono inabaki ilipokuwa, na kinachovutika ni ukuta wa tumbo lake.

Kwa laparoskopi, kamera hupita kitovuni kwenye tundu la milimita 10 hadi 12, stepla, kifaa cha kubana na kukata utumbo kwa pini, hupita chini kulia kwenye tundu la milimita 12, na mengine huwa ya milimita 5. Kwa roboti, matundu manne ya milimita 8 hupangwa kwenye mstari wa mshazari kutoka juu ya nyonga ya kulia kwenda chini ya mbavu za kushoto, kila moja likiwa sentimita 8 hivi kutoka kwa jirani yake, na la tano ni la msaidizi. Umbali huo una kazi yake. Ukipungua sana, mikono hugongana nje huku ndani daktari akishangaa kwa nini kifaa kimegoma. Ndiyo maana mgonjwa mfupi na mwembamba, ambaye wengi humdhania rahisi, huisumbua timu ya roboti: tumbo halina upana wa kupanga matundu. Kuunganisha mashine huchukua dakika chache kwa timu iliyozoea, na kwa timu mpya nusu saa inaweza kuisha.

Ateri ya mesenteri ya chini hukatwa sentimita 1 hadi 2 kutoka aota, ateri kuu ya mwili. Haikatwi ikiwa imeigusa aota, kwa sababu neva zinazohusika na kutoa manii zimeizunguka pale shinani. Ureta ya kushoto, mrija wa mkojo kutoka figo, lazima ionekane kwa macho kabla ya kubana chochote. Kisha pembe ya utumbo iliyo karibu na wengu hulegezwa ili utumbo ushuke hadi chini bila kukazwa, maana utumbo uliokazwa huvuja. Hapa laparoskopi ina raha yake: daktari anahama kutoka nyonga hadi wengu kwa kubadili tundu tu. Roboti za zamani ilibidi zifunguliwe na kusogezwa. Toleo la da Vinci liitwalo Xi, la mwaka 2014, lilipunguza usumbufu huo, lakini wapo hadi leo wanaofanya sehemu ya juu kwa laparoskopi na kuileta roboti wanapoingia fupanyongani.

Ndani ya fupanyonga kazi huanzia nyuma. Kati ya mesorektamu na sakramu kuna tabaka jepesi la nyuzinyuzi nyeupe lisilo na damu. Njia ni hiyo. Ukikosea ukaenda nyuma zaidi unafikia vena zilizolala juu ya mfupa. Zikipasuka hujirudisha mfupani, na kuzichoma mara nyingi huongeza damu. Kinachofaa kwanza ni kukandamiza kwa shashi na kusubiri. Ukikosea upande wa ndani, unachana mesorektamu na kuacha mafuta yenye saratani. Pembeni kuna neva za kibofu na za nguvu za kiume, na mbele vifuko vya manii. Sentimita 5 za mwisho juu ya sakafu ya fupanyonga, mbele na pembeni, ndizo zinazoitofautisha roboti. Ncha iliyopinda inafuata tabaka pale fimbo iliyonyooka inapolisukuma.

Kisha puru hukatwa kwa stepla, na hapa laparoskopi hupata shida ambayo haizungumzwi vya kutosha. Stepla zake za kawaida hupinda hadi nyuzi 45. Kwenye fupanyonga jembamba pembe hiyo haitoshi kuikata puru kwa mkato ulionyooka, kwa hiyo hukatwa kwa mshazari, risasi (mfyatuo wa stepla) ya kwanza, ya pili, wakati mwingine ya tatu. Kila mstari unapokutana na mwingine panabaki sehemu dhaifu, na risasi zikifika tatu au zaidi uwezekano wa kuvuja huongezeka. Stepla ya roboti hupinda zaidi, na husimama ikihisi tishu haijabanwa sawasawa. Lakini nayo ni nene, inataka tundu la milimita 12, na kuna fupanyonga ambamo haiingii vizuri.

Utumbo huunganishwa kwa stepla ya mviringo ya milimita 28 hadi 31 inayopitishwa kwenye tundu la haja. Vipete viwili vya tishu vinavyotoka ndani yake hukaguliwa kama vimekamilika pande zote, fupanyonga hujazwa maji na hewa hupulizwa ndani ya puru kuona kama kuna povu. Mtiririko wa damu unaweza kuangaliwa kwa dawa ya kijani inayong'aa chini ya mwanga maalumu, na kamera za aina hiyo zipo kwa njia zote mbili. Kwa kiungio cha chini namna hii, hasa baada ya mionzi, mara nyingi sehemu ya utumbo mwembamba huletwa nje ya ngozi ya tumbo kwa muda, kinyesi kikaingia mfukoni, yaani ileostomi. Roboti haimwepushi na mfuko. Katika majaribio makubwa haijathibitika kwamba inapunguza kuvuja.

Mambo yanapoharibika

Tofauti kubwa ya kiusalama ni ya kibinadamu kuliko ya kimashine. Daktari wa konsoli hajanawa na hajavaa gauni safi. Ateri ikipasuka, yeye anaweza kuibana kwa koleo la roboti, lakini wa kufungua tumbo ni aliyesimama kitandani. Hospitali inayomweka kitandani msaidizi asiyeweza kufungua tumbo peke yake imejenga hatari ambayo laparoskopi haina, kwa kuwa huko daktari mkuu yuko palepale na kisu kiko mkononi mwa muuguzi. Timu makini hufanya mazoezi: nani anaondoa vifaa, nani anafungua mikono, nani anasukuma mashine, na kwa maneno gani. Moyo ukisimama hali ni hiyohiyo. Huwezi kukandamiza kifua vizuri mikono ya roboti ikiwa juu ya mgonjwa aliyeinamishwa kichwa.

Koleo likigoma kufunguka huku limeng'ata utumbo, kuna ufunguo mdogo wa kulifungulia kwa mkono. Unatakiwa uwe umesafishwa na kuwekwa pale mezani. Kuuliza "ufunguo uko wapi?" kabla ya kuanza huchukua sekunde tatu, kuutafuta kabatini utumbo ukiwa umebanwa ni habari nyingine. Mashine ikizimika kabisa, upasuaji huendelea kwa laparoskopi, na hii ina maana moja ambayo wauzaji hawaitaji: daktari wa roboti asiyejua laparoskopi hana pa kukimbilia isipokuwa kufungua tumbo.

Muda nao una gharama mwilini. Kuinamishwa kichwa kwa saa nyingi huvimbisha uso, hupandisha shinikizo la macho na husukuma mapafu juu. Mpira wa kupumulia unaweza kuteleza ukaingia pafu la kulia. Miguu iliyoinuliwa zaidi ya saa nne inaweza kupata shinikizo la misuli linaloua misuli ya shavu la mguu. Daktari wa usingizi mzuri ataomba miguu ishushwe kwa dakika chache njiani. Ombi hilo hutekelezeka kirahisi zaidi kwenye laparoskopi.

Majaribio yanasema nini

Laparoskopi ya puru ilianza vibaya. Kwenye jaribio la CLASICC la Uingereza, lililochapishwa 2005, asilimia 34 ya wagonjwa wa puru waliopangiwa laparoskopi waliishia kufunguliwa tumbo. COLOR II, lenye wagonjwa 1,044, lilileta habari njema mwaka 2015: baada ya miaka mitatu, ugonjwa ulirudi fupanyongani kwa asilimia 5 kwa laparoskopi na asilimia 5 kwa kufungua. Lakini mwaka huohuo majaribio mawili, la Marekani na la Australia na New Zealand, yalishindwa kuthibitisha kwamba nyama inayotolewa kwa laparoskopi ina ubora usiopungua ule wa kufungua. Hapo roboti ikapata mlango.

ROLARR ndilo jaribio lililosubiriwa kwa hamu. Wagonjwa 471, nchi 10, matokeo mwaka 2017. Watafiti walipanga hesabu wakitarajia robo ya laparoskopi kuishia kufunguliwa. Zilikuwa asilimia 12.2, na roboti asilimia 8.1, tofauti ambayo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Ukingo wa pembeni wenye saratani ulikuwa asilimia 6.3 kwa laparoskopi na 5.1 kwa roboti. Kibofu na tendo la ndoa havikutofautiana. Roboti ilichukua zaidi ya nusu saa ya ziada, na gharama yake ilizidi kwa pauni 980 kwa mgonjwa, bila kuhesabu bei ya mashine na matengenezo. Watetezi wa roboti walilalamika kwamba madaktari wengi walikuwa magwiji wa laparoskopi na wageni wa konsoli. Lalamiko lina ukweli, ingawa lingekuwa na nguvu zaidi kama lingetolewa kabla ya matokeo.

Kisha likaja REAL la China: hospitali 11, wagonjwa 1,171 waliochambuliwa, wote wenye saratani ya katikati au chini ya puru. Ukingo wenye saratani: asilimia 4.0 kwa roboti, 7.2 kwa laparoskopi. Matatizo ya maana ndani ya siku 30: asilimia 16.2 dhidi ya 23.1. Kuishia kufungua tumbo: 1.7 dhidi ya 3.9. Walioondolewa kabisa tundu la haja na kubaki na mfuko wa kudumu nao walipungua, 16.9 dhidi ya 22.7. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya miaka mitatu: ugonjwa kurudi fupanyongani asilimia 1.6 kwa roboti na 4.0 kwa laparoskopi, huku idadi ya waliokuwa hai ikiwa haitofautiani kwa namna ya kuthibitika.

Kwa maoni yetu REAL linabadilisha mizani kwa puru ya chini, likisomwa na masharti yake. Madaktari wake walikuwa wazoefu wa njia zote mbili, kwenye hospitali zenye wagonjwa wengi. Na hata huko, wagonjwa zaidi ya 90 kati ya 100 wa laparoskopi walipata ukingo safi. Laparoskopi iliyofanywa na mkono uliozoea bado ni tiba nzuri.

Kwa utumbo mpana wenyewe hadithi ni fupi. Jaribio la Korea la mwaka 2012, upande wa kulia, wagonjwa 35 kila upande: roboti dakika 195, laparoskopi 130, gharama juu, nafuu ileile. Hoja iliyobaki ni kwamba kifundo hurahisisha kushona utumbo ndani kwa ndani badala ya kuutoa nje kupitia mkato wa katikati ya tumbo, na mkato uliohamishiwa juu ya kinena hauleti ngiri sana. Ni hoja ya kweli, ila daktari mzuri wa laparoskopi hushona ndani pia.

Hesabu, na hali ya kwetu

Da Vinci mpya hugharimu kati ya dola milioni 1 na 2.5 kutegemea toleo, na mkataba wa matengenezo ni zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Vifaa vyake vina chipu inayohesabu matumizi. Kwa miaka mingi vingi viliruhusiwa mara 10 tu, baadaye baadhi vikaongezewa hadi 12 au 18, kisha mashine inavikataa hata kama bado vinakata vizuri. Piga hesabu ya mfano: dola milioni 1.5 kwa miaka saba, na matengenezo ya 120,000 kwa mwaka, ni kama dola 334,000 kila mwaka kabla ya kununua hata stepla moja. Ukifanya upasuaji 50 kwa mwaka, kila mgonjwa anabeba dola 6,700 hivi. Ukifanya 300, anabeba 1,100. Ndiyo sababu roboti hukaa vizuri pale idara za mkojo, uzazi na utumbo zinapogawana mashine, na ndiyo sababu washindani kama Versius ya Uingereza, Hugo ya Medtronic na SSI Mantra ya India wanaibana Intuitive kwenye bei.

Kwa Afrika Mashariki hatua inayofuata kwa wagonjwa wengi wa puru ni laparoskopi nzuri. Koleo la chuma la laparoskopi huoshwa na kutumika miaka, na mnara wa kamera unaweza kutengenezwa na fundi wa hospitali. Mafunzo yanasogea: IRCAD Africa ilizinduliwa Kigali mwaka 2023, ikiwa tawi la taasisi ya Strasbourg aliyoianzisha Jacques Marescaux, yuleyule ambaye Septemba 2001 alitoa kibofu cha nyongo cha mgonjwa wa Strasbourg yeye akiwa New York. Kinachowaumiza wagonjwa wetu zaidi huja kabla ya chumba cha upasuaji. Wengi hufika utumbo umeshaziba, na hapo hakuna roboti wala laparoskopi, ni kufungua tumbo usiku na kutoa kolostomi, yaani kuleta utumbo mpana nje ya ngozi ya tumbo. Aliyefika mapema anahitaji MRI inayopima umbali wa saratani kutoka ukingo, na mionzi panapohitajika, kama ile ya taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Ukingo uliokaribiwa na saratani kabla ya mionzi hauokolewi na kifundo.

Kwa mgonjwa wetu mwenye makadirio mawili mkononi, maswali yanayofaa ni ya kawaida kabisa. Daktari huyu hufanya puru ngapi kwa mwaka kwa njia anayoipendekeza? Wangapi kati yao huishia kufunguliwa tumbo, na wangapi huvuja? Nani atakuwa kitandani daktari akiwa kwenye konsoli? Ripoti ya maabara itaandika hali ya mesorektamu, milimita za ukingo wa pembeni, na idadi ya tezi zilizokaguliwa, angalau 12? Kama njia ya roboti inatoa majibu bora kwa maswali haya na pesa ipo, kwa mwanamume mnene mwenye uvimbe wa sentimita 6 nyongeza ina sababu. Kama majibu bora yako kwenye laparoskopi, achukue hiyo.

Akisafiri, aulize pia kuhusu ileostomi. Kuifunga ni upasuaji wa pili, mara nyingi wiki 8 hadi 12 baadaye, au zaidi kama kuna dawa za kuendelea nazo, na kabla yake kiungio hukaguliwa kwa kidole, kamera au picha ya eksirei yenye dawa. Makadirio mengi hayauhesabu. Ajue mapema atafungiwa wapi, ripoti ya upasuaji wa kwanza ataibeba kwa lugha gani, na mifuko ya wiki hizo zote ataipata duka gani nyumbani.